Paa la Tela Uani Kwetu

Ijumaa, 20 Februari 1953

Nimepanda tena juu ya tela baada ya chakula cha mchana. Baba hawezi kupanda. Ni mzito, na mbao zimeoza. Jana aliweka goti moja tu, goti likazama. Kwa hiyo napanda mimi. Nalala kifudifudi juu ya ubao mpana ili uzito wangu usikae mahali pamoja, nakwangua kwa patasi. Baba yuko chini na pakacha, anapokea uchafu.

Juu kabisa palikuwa na turubai kuukuu. Limepakwa rangi mara nyingi mpaka likawa gumu kama ngozi ya kiboko. Limechanika kwenye kona mbili. Nimelivua lote. Lilitoka kwa vipande vikubwa na nilifurahi kuliona likitoka. Chini yake mbao ni laini kama boga bovu. Kidole kinazama. Nyigu walikuwa na kiota pembeni, mmoja ameniuma sikio.

Mama amechukua kipande kimoja cha turubai akakitupa juu ya kizimba cha kuku. Vingine tumevichoma. Moshi mweusi. Jirani amekohoa, akauliza kwa sauti ng'ambo ya ua kama tunamchoma yule mzungu aliyetuachia tela.

Sikio limevimba.

Jumamosi, 21 Februari

Leo niandike sababu, nisije nikaisahau nikichoka.

Mwalimu Fatuma anaondoka mwisho wa mwezi wa tatu. Anamfuata mumewe Lindi. Yeye ndiye anayetufundisha sisi wasichana wakubwa. Asipopatikana mwalimu mwingine wa kike, darasa letu litafungwa. Baba amesema wazi, bila ukali: akija mwalimu mwanamke, utaendelea; asipokuja, utakaa ndani kama wenzako.

Yuko mwalimu mmoja Tanga, anaitwa Mwalimu Salma. Amekubali kuja. Lakini hajaolewa, na wakubwa wa elimu hawamleti mpaka pawe na pa kukaa: mlango wake mwenyewe, ndani ya ua wa watu wanaojulikana, na pakavu. Chumba cha namna hiyo hakikupatikana mjini. Ndipo Baba akasema, mimi nina tela.

Tela hili aliachiwa na mzungu mpima barabara, ekseli ilipovunjika karibu na Zinga. Baba alikuwa amemtengenezea masanduku ya vifaa vyake. Likavutwa kwa ng'ombe mpaka uani kwetu. Limekaa hapo tangu mimi mdogo, kuku wakitagia ndani. Lina kitanda, meza ya kukunja, madirisha mawili ya vioo. Na paa bovu.

Mkaguzi wa elimu atakuja kulitazama mwishoni mwa Machi. Ndipo mvua zinapoanza.

Baba Mkubwa amecheka sana. Amesema mwalimu atalala garini kama mzigo wa nazi. Yeye ndiye kaka yake Baba, na ana mtu wake Pangani ambaye anataka niolewe naye. Jina la mtu huyo silijui. Sijauliza.

Jumanne, 24 Februari

Baba Mkubwa amepita njiani akaniona juu ya paa. Hakubisha hodi. Ameingia na fimbo yake.

"Binti wa kuchumbiwa amekaa juu kama kunguru," alimwambia Baba. "Mji mzima unamwona."

Baba alikuwa na misumari mdomoni. Mama ndiye aliyejibu. Alisema, "Shikamoo shemeji. Karibu uji."

Nimeshuka. Nilidhani mambo yamekwisha. Nililia kidogo nyuma ya jiko, naandika ukweli. Lakini alasiri Mama amekuja na makuti na fito. Ameupandisha ule ua, upande wa njiani, mpaka ukapita kichwa cha mtu aliyesimama juu ya tela. Majirani wanatazama ua wetu mrefu kama wa gereza. Alipomaliza alinionyesha ngazi kwa kidevu.

Jumamosi, 28 Februari

Mbao mpya zimekaa. Ni za mvule, zilibaki Baba alipomaliza mashua ya watu wa Mbegani. Baba ni fundi wa mashua na majahazi, alirithi kazi kwa babu. Anasema paa si kitu, ni sitaha tu isiyo na bahari.

Mimi nimekalafati. Yaani nimesokota pamba iliyolowa mafuta ya papa, nikaishindilia kwenye kila ufa kati ya ubao na ubao, kwa patasi butu na nyundo ya mti. Baba ananisikiliza kutoka chini. Anajua kwa mlio. Ukisikika mlio mwembamba ananiambia, bado. Ukiwa mzito ananiambia, songa. Kisha juu ya pamba tumepaka deheni, ile chokaa iliyokandwa na shahamu ya ng'ombe. Nanuka kama samaki na kama bucha. Shuleni nitakaa peke yangu.

Nimefurahi mno. Sijawahi kufanya kazi na Baba.

Jumapili, 1 Machi

Tumelijaribu. Baba amevaa kanzu safi na kofia, ameingia ndani, ameketi kitandani kama bwana arusi. Mimi na Mama tumemwaga maji juu, ndoo baada ya ndoo, kutwa, mpaka kisima kikatoa tope. Baba ametoka mkavu. Akageuka taratibu ili tumwone mgongo.

Alhamdulillahi.

Alhamisi, 5 Machi

Jua kali sana. Mama amepaka chokaa ndani, ameweka godoro jipya la sufi. Mwalimu Fatuma amekuja kuangalia, amekaa mezani akaandika jina lake kwa kidole kwenye vumbi la kioo. Amesema angepewa yeye chumba hiki asingeondoka. Najua ni adabu tu.

Deheni imepasuka. Nyufa nyembamba kama nywele. Nimepitisha ukucha. Sikumwambia Baba. Ninaogopa kwamba nikisema itakuwa kweli.

Jumanne, 10 Machi

Jua. Nyufa zimeongezeka. Pamba inaonekana mahali pamoja. Leo nimemwambia. Amesema, deheni hupasuka, ni kawaida yake. Akaongeza nyingine juu.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua ya kwanza, wakati watu wako msikitini. Haikudumu.

Nilikimbilia tela. Maji yanaingia kila mahali. Si tone, ni mistari, kila ufa una mstari wake. Godoro limelowa. Chokaa ya ukutani imeteremka kama maziwa. Nilitandaza mabeseni, masufuria, hata kifuu cha nazi. Nilikuwa mjinga, mabeseni hayakutosha.

Baba amerudi msikitini akasimama mlangoni. Hakuingia. Nimemwona anasoma ile mistari ya maji mmoja mmoja, kama mtu anayesoma majina ya waliokufa.

Jumamosi, 14 Machi

Baba amepata sababu. Mbao zina kiu. Chombo kikipandishwa pwani kikakaa juani, mbao husinyaa, maji huingia siku ya kukishusha. Kwa hiyo fundi hukimwagia maji kila siku kisikauke. Sisi tuliliacha paa likae na kiu, kosa letu.

Sasa kazi yangu ni kulimwagia maji asubuhi kabla ya shule na jioni. Baba amekalafati upya. Alipanda mwenyewe, mbao mpya zinamhimili. Alipiga nyundo kwa hasira. Mlio ulikuwa mzito kila mahali.

Jumatano, 18 Machi

Mikono imechubuka kwa kamba ya kisima. Shuleni nimesinzia, Mwalimu Fatuma ameniita mara mbili. Mvua haijarudi, lakini mawingu yanasimama kila jioni.

Ndani ya tela kumeanza kunuka. Ni ile harufu ya boga bovu. Maji ninayomwaga asubuhi yanapenya kabla mbao hazijavimba, yanakaa kwenye dari. Nikiyamwaga nalilowesha tela. Nisipoyamwaga linapasuka. Nimekuwa mvua mimi mwenyewe.

Baba Mkubwa amenikuta na ndoo kichwani. Amesema, "Nimeona watu wanaomba mvua, nimeona watu wanaikimbia. Hawa wanaipandisha kwa ngazi." Kisha amemwambia Baba kwamba mtu wa Pangani anataka jibu kabla ya Ramadhani. Baba amesema, "Ngoja mkaguzi apite." Ni mara ya kwanza nimesikia sauti yake haina uhakika.

Nina hofu. Hakuna neno jingine la kuandika.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua kubwa alfajiri. Tela limevuja, si kama mwanzo, lakini limevuja. Mabeseni matatu.

Ilipoacha nilikwenda kuwatoa kuku. Nilitegemea kuwakuta wamelowa na mmoja amekufa. Kuku walikuwa wakavu. Majani yao makavu. Vumbi lao vumbi. Nimeingiza mkono mpaka ndani kabisa, nikautoa na manyoya na vumbi.

Juu ya kizimba kuna lile turubai. Kipande alichokitupa Mama.

Nilikaa chini palepale kwenye tope. Nimeelewa. Turubai lile ndilo lililokuwa paa. Mbao zilikuwa za kulishikilia tu. Ziliposinyaa au kuvimba, lenyewe halikujali. Na mimi ndiye niliyelivua, tena kwa furaha, na tukalichoma.

Kuku wamelala pakavu mwezi mzima. Mwalimu wetu hana pa kulala.

Ijumaa, 20 Machi

Kumwambia Baba ilikuwa vigumu kuliko kupanda. Nilisubiri amalize kula. Nikasema, "Baba, chombo kinakaa majini mchana na usiku. Paa linakaa juani miezi, halafu linalowa siku moja." Nikamwomba aje aone kuku.

Amekuja. Ameinama, ameingiza mkono kama nilivyoingiza mimi. Amekaa ameinama muda mrefu. Kuku mmoja alimdonoa. Kisha ameondoka kwenda pwani, bila kofia. Hakurudi mpaka baada ya magharibi.

Nimemvunjia heshima. Lakini sikusema uongo.

Jumamosi, 21 Machi

Baba amesema maneno mawili tu asubuhi: "Tutalivika nguo."

Turubai hatuna, na dukani hamna hata la kuagiza kabla ya mkaguzi. Baba Mkubwa ana tanga la akiba ghalani, limekunjwa, panya wanalitafuna. Baba amekwenda kumwomba. Najua ilivyomgharimu. Amerudi mikono mitupu. Baba Mkubwa amemwambia tanga lake halikushonwa liwe kilemba cha mwalimu.

Baba amekaa barazani akiwa na nyundo mapajani. Haigongi kitu.

Jumapili, 22 Machi

Leo Mama amefungua kasha lake.

Ndani ya kasha, chini ya nguo zote, kuna jora la merikani, ile nguo nzito ya pamba. Nalijua tangu mdogo. Nilikatazwa kuligusa kwa mikono michafu. Ni la arusi yangu: mashuka, foronya, pazia la kitanda. Mama aliliweka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na karafuu kati ya mikunjo ili wadudu wasiingie.

Amelitoa akaliweka mapajani mwa Baba, juu ya nyundo.

Baba alimtazama. Alisema, "Hii ya mtoto."

Mama akasema, "Na tela la nani?"

Akaenda kuchambua mchele. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sijui nilichohisi. Furaha, na huzuni ndani yake, kwa sababu ile nguo ilikuwa nzuri. Nimeinusa mara moja kabla haijakatwa.

Jumatatu, 23 Machi

Tumeshona. Mapana matatu yameungwa kwa pindo lililolala, kama tanga linavyoungwa. Baba ana sindano kubwa ya matanga na kipande cha ngozi kiganjani. Mama ana sindano yake ya kawaida. Wamekaa wanatazamana, nguo kati yao, wanafuatana. Mama anashona haraka zaidi. Baba amesema mishono ya Mama itafumuka. Mama amesema ya Baba imekaza mpaka nguo inalia. Nimewasikia wanacheka.

Karafuu bado inanukia.

Jumatano, 25 Machi

Kazi ya leo ni ya hatari kwa sababu haiwezi kusimama katikati. Tumesugua mbao. Tumepaka rangi ya mashua, nyekundu, nzito, kisha kabla haijakauka tumetandaza merikani juu yake. Baba amevuta upande mmoja, mimi mwingine, Mama anasukuma mikunjo kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Kingo zimeteremshwa chini ya ukingo wa tela zikapigwa misumari midogo. Kisha rangi juu. Nguo imekunywa rangi yote ya mkono wa kwanza, ikabaki nyekundu iliyofifia.

Mawingu yalisimama upande wa Dunda tangu mchana. Nimeyatazama zaidi ya nilivyoitazama kazi.

Alhamisi, 26 Machi

Mkono wa pili wa rangi. Bado unanata. Manyunyu yamekuja ghafla, tumelifunika kwa makuti tuliyoyang'oa kwenye ule ua mrefu. Kwa hiyo ua umebomoka na mji unaniona tena. Sasa hakuna anayejali.

Tumeyashikilia makuti kwa mikono yasiguse rangi. Manyunyu yamepita.

Jumamosi, 28 Machi

Rangi imekauka juu, chini bado. Ukibonyeza inabonyea. Mwalimu Fatuma amesema mkaguzi anakuja Jumatatu. Amefunga mizigo yake. Amenipa kalamu yake na kuniambia nisimwazime mtu.

Hatukulijaribu kwa ndoo. Baba amekataa. Amesema safari hii hatumwagi maji kabla ya Mungu mwenyewe kumwaga.

Jumatatu, 30 Machi

Ruhusa shuleni nimepewa. Mkaguzi amefika saa za asubuhi, mtu mrefu mwenye mwavuli, anazungumza polepole. Amempa Baba mkono, amelizunguka tela, amegonga magurudumu. Ameingia. Baba ameingia naye. Mimi nimebaki dirishani, upande wa nje, na sinia la chai.

Mvua ikaja. Si manyunyu. Ilikuja kwa kishindo, ukuta mzima, nikalazimika kuingia na sinia. Mkaguzi hakuweza kutoka. Amekaa kitandani palepale alipokaa Baba siku ya ndoo. Baba amesimama, macho juu. Mimi macho juu. Mkaguzi alituona akatazama juu na yeye. Nilisoma sala zote ninazozijua, nikazirudia.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Baba Mkubwa, anatiririka maji. Alikuwa akija kuona tutakavyoaibika, mvua ikamkuta uani. Amekamua kanzu yake kizingitini. Hapakuwa na pa kukaa ila kando ya mkaguzi, akakaa. Nikamwambia shikamoo, nikampa chai. Tukakaa hivyo, watu wanne, tukiisikiliza mvua inapiga na haiingii.

Mkaguzi alipitisha kiganja kwenye dari, kona hadi kona. Akakitazama kiganja. Akakifuta kwenye suruali kwa mazoea, lakini hapakuwa na cha kufuta.

Hakusema vizuri wala vibaya. Aliuliza, "Mlango huu una funguo ngapi?"

Baba alisema mbili.

"Zote mbili apewe mwalimu."

Nikaliweka sinia chini.

Mvua ilipopungua mkaguzi amekwenda. Baba Mkubwa amebaki, anabonyeza ukingo wa nje kwa kidole, pale nguo inapojikunja. Ameitambua. Amemwita Mama.

"Hii merikani ya kasha. Sasa arusi itafanywa kwa nguo gani?"

Mama alikuwa anaanua masufuria. Alisema, "Arusi ya nani, shemeji?"

Baba Mkubwa alimtazama Baba. Baba alikuwa anatazama paa.

Jumapili, 12 Aprili

Mwalimu Salma alifika juzi. Ni mwembamba, anavaa miwani, anacheka kwa pua. Ana sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Vitabu ameviweka juu, karibu na dari kabisa. Hakuuliza kama ni pakavu.

Leo mvua tangu asubuhi. Nilipoamka sikufikiri. Nimechukua beseni kubwa nikakimbia nalo uani, nikabisha hodi. Mwalimu amefungua. Nyuma yake kitanda kimetandikwa, taa mezani, daftari zetu zimepangwa kwa kesho.

Ameuliza beseni la nini.

Nikasema, la kunawia uso, Mwalimu.

Amelipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nimerudi nyumbani taratibu, nimelowa chapachapa. Kuku walikuwa kizimbani, wanatazama mvua.